Mwenyeji, Mhifadhi, Mpangishaji: Kuhusu Jina la Anayetuwekea Tovuti

Baadhi yetu tulipokuwa Tabora katika semina ya walimu wa Kiswahili, mwalimu mkuu wa shule moja ya sekondari alituletea karatasi tatu zilizopigwa chapa. Ulikuwa mkataba wa mwaka mmoja baina ya shule yake na kampuni iliyoahidi kutoa, kwa maneno ya mkataba wenyewe, "huduma ya kuaminika na ya bei nafuu ya kuhifadhi tovuti". Shule iliweka katika tovuti hiyo tarehe za kufungua na kufunga, matokeo ya mitihani ya majaribio, na picha za mahafali ya miaka kadhaa. Kisha siku moja tovuti ikatoweka. Kampuni ilipoulizwa ilijibu kwamba seva iliharibika, kwamba nakala nyingine haikuwako, na kwamba hapana kifungu kilichoilazimu kuweka nakala. Mwalimu mkuu akatuuliza neno moja tu: "Ndugu zangu, ninyi ni watu wa lugha. Kuhifadhi maana yake nini?"

Hatukuweza kumpa jibu la papo hapo. Baadaye, tulipokusanya matangazo na mikataba mingine ya aina hiyo, tuliona kwamba jambo moja linaitwa kwa majina matatu au manne, na kila jina linamwahidi mnunuzi kitu tofauti. Hili si suala la ladha ya lugha. Mwenye kusaini mkataba aghalabu ni mwalimu, karani wa halmashauri au katibu wa chama cha ushirika, naye huijua huduma kwa jina lake kabla hajaijua kwa namna nyingine yoyote. Jina likimdanganya, hata bei ikiwa ndogo namna gani, amepunjwa.

Tuanze na jambo lenyewe. Tovuti si kitu kinachoelea angani. Ni mafaili yaliyomo katika kompyuta iitwayo seva, inayowashwa usiku na mchana, iliyounganishwa na mtandao kwa njia pana, ndani ya jengo lenye umeme wa akiba na mitambo ya kupoza hewa. Shule haiwezi kwa kawaida kumiliki jengo la namna hiyo. Kwa hiyo humlipa mwenye nalo ili itumie sehemu ya seva yake. Tendo hili la kulipa na kutumia sehemu ya mali ya mwingine ndilo linalotafutiwa jina.

Jina la kwanza tulilokutana nalo ni "mwenyeji", na huduma yenyewe ikaitwa "ukaribishaji wa tovuti". Asili yake haifichiki. Waingereza hutumia neno la mtu anayekaribisha wageni, neno lenye mzizi wa Kilatini ambao ulimtaja mwenyeji na mgeni kwa pamoja. Mtandao wa ARPANET ulipoanza Marekani mwaka 1969, kila kompyuta kubwa iliyounganishwa nao iliitwa kwa neno hilo, kwa kuwa ilipokea watumiaji waliotoka mbali. Biashara ya kuuza nafasi katika seva ilipozaliwa miaka mingi baadaye, jina likaendelea kama lilivyo. Kwa Mwingereza sitiari hiyo imekwisha kufa, naye hafikirii tena mkeka wala chakula. Sisi tumeichukua ingali hai.

Na katika Kiswahili uwenyeji ni jambo zito. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Ugogo hadi Unyanyembe, na kutoka hapo kwenda Ujiji, isingeweza kudumu pasipo huo. Burton na Speke walipofika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mwezi Novemba 1857, Snay bin Amir aliwapokea, akawatafutia wapagazi, akawaeleza habari za nchi zilizo mbele. Hakuwapa ankara. Mwenyeji wa kweli hujifunga kwa heshima yake, wala hadai kodi. Walakini msemo wetu unajua kwamba hata ukarimu una mpaka: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwenye seva hampi mteja jembe. Siku ya kwanza kabisa humpa ankara, na siku ya mwisho wa mkataba, kama ankara haikulipwa, huzima. Kumwita mtu huyu mwenyeji ni kumvika joho lisilo lake. Twakubali neno hili libaki kwa wahandisi wanaotaja mashine iliyoungwa katika mtandao, lakini katika mikataba na matangazo halina kazi.

Jina la pili ndilo lililomponza mwalimu mkuu wetu, na hapana budi tulikalie zaidi, maana ndilo limeenea kuliko yote. Hata vituo vikubwa vya seva nchini, kikiwamo kile cha taifa kilichopo Kijitonyama, Dar es Salaam, hutajwa kuwa ni vituo vya kuhifadhi data. Hatulaumu uteuzi huo kwa ujumla. Kituo chenye ulinzi, umeme wa akiba na kanuni za kutunza kumbukumbu kinastahili neno hilo. Tunacholaumu ni kulitoa neno katika jengo na kulibandika juu ya kila mkataba wa mwezi au mwaka unaouzwa mitaani.

Tazama jinsi Mswahili anavyolitumia. Aliyehifadhi Kurani hapotezi hata aya moja. Hifadhi ya Serengeti ni mahali ambapo wanyama wanalindwa ili wasiishe. Mzazi anapomwombea mwanawe kwamba Mungu amhifadhi, haombi nafasi ya kulala. Katika matumizi yote hayo mna ahadi kwamba kitu kilichowekwa kitakutwa kama kilivyokuwa. Jirani yake wa karibu ni neno amana: mali ya mtu iliyo mikononi mwa mwingine, ambayo huyo mwingine hana ruhusa ya kuitumia wala kuipoteza kwa uzembe.

Wakazi wa njia ya misafara walijua vizuri tofauti baina ya kuwa na mahali pa kuweka vitu na kuwa na mtunza amana. Shehena za Livingstone zilitumwa Ujiji kutoka Unguja chini ya uangalizi wa mtu aliyeitwa Shereef. Livingstone aliporejea Ujiji Oktoba 1871, akiwa amechoka na mgonjwa, alikuta Shereef ameuza zote, wala hakusaziwa nguo wala ushanga. Udhuru uliotolewa ni kwamba Shereef alipiga ramli, ikamwambia kuwa mwenye mali amekwisha kufa. Hapo amana ilivunjwa na mtu. Lakini shehena nyingine ya Livingstone ilikuwa Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, karibu na tembe ambayo leo wageni huonyeshwa kama jumba la makumbusho. Yeye na Stanley walipofika hapo Februari 1872, walikuta baadhi ya vitu vimeibwa, na kwamba mchwa wamekula sanduku pamoja na vitako vya bunduki zilizokuwamo. Mchwa hawashitakiwi. Mwenye kuweka mali katika tembe ya udongo bila kuuliza habari za mchwa amepata nafasi, hakupata hifadhi.

Mchwa wa zama hizi ni diski inayochakaa, hitilafu ya umeme na moto. Usiku wa tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo moja la seva la kampuni ya OVHcloud huko Strasbourg, Ufaransa. Tovuti nyingi mno zilizimika kwa wakati mmoja, na baadhi ya wateja walipoteza kila kitu kwa kuwa hawakuwa na nakala mahali pengine. Wengi wao walikuwa wamenunua nafasi tu, nao walidhani wamenunua utunzaji. Mmoja wa wateja alikuwa amenunua pia huduma ya nakala rudufu, lakini nakala yenyewe ikawa ndani ya jengo lile lile lililoungua. Mahakama ya biashara ya Lille ilimpa haki mteja huyo mwaka 2023, kwa kuyasoma maneno ya mkataba: yaliahidi nakala iliyotengwa na mitambo ya asili, na nakala iliyo chini ya paa moja na asili haijatengwa. Waamuzi hao walifanya kazi ambayo sisi wafasiri twatakiwa kuifanya mapema, kabla moto haujawaka.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba neno kuhifadhi lisitumike kwa huduma hii ila pale ambapo mtoaji amejifunga kwa maandishi kutunza nakala, akataja huchukuliwa mara ngapi, hukaa wapi, na hurudishwa kwa muda gani. Pasipo mambo hayo, neno ni la uongo hata kama aliyelitumia hakukusudia kudanganya.

Jina la tatu ni "kupangisha". Tulipolitaja semina ile, baadhi ya walimu walicheka, wakisema ni neno la nyumba za uswahilini. Sisi twaona hiyo ndiyo sifa yake. Hapana mtumishi wa serikali aliyehamishiwa Tabora asiyejua maana ya kupanga chumba. Anajua kwamba mwenye nyumba ni mpangishaji na yeye ni mpangaji. Kwamba kuna pango la kulipwa kwa tarehe. Kwamba kuna notisi. Kwamba paa likivuja aulize ni nani mwenye wajibu wa kulitengeneza. Na kwamba vyombo vilivyomo ndani ni vyake, naye ndiye wa kuvilinda. Neno moja linamletea maswali yote ambayo mkataba wa tovuti ungepaswa kujibiwa kwayo. Istilahi inayomwamsha mtu aulize ni bora kuliko ile inayomlaza.

Tena sitiari hii haikomi mlangoni. Mafundi hutofautisha tovuti zinazotumia seva moja kwa pamoja na mteja anayechukua seva nzima peke yake. Katika lugha ya upangaji twasema: kupanga chumba, na kupanga nyumba nzima. Wapangaji wa vyumba wakitumia mita moja ya umeme, mmoja akiwasha pasi na jiko kila siku, uniti za LUKU huisha kwa wote. Ndivyo ilivyo katika seva ya pamoja: tovuti moja ikipata wageni wengi mno, au ikiingiliwa na wahalifu, jirani zake huzorota ingawa hawana hatia. Shule ndogo yaweza kuridhika na chumba, maadamu inajua kwamba ni chumba.

Kadhalika sitiari hii inatenga jambo ambalo matangazo hulichanganya mara nyingi, yaani kikoa. Kikoa ni jina la tovuti, kama vile yale yanayoishia na .sc.tz kwa shule, .ac.tz kwa vyuo, .go.tz kwa serikali au .co.tz kwa biashara. Jina si chumba. Mtu akihama chumba huchukua jina lake, na barua humfuata kwenye anwani mpya. Lakini tumeona wapangishaji wanaosajili kikoa cha mteja kwa jina lao wenyewe, na mteja anapotaka kuhama hukuta jina limebaki na mwenye nyumba. Katika mkataba wa mwalimu mkuu wetu mambo haya mawili yalikuwa yamefungwa katika fungu moja lililoitwa "kifurushi cha uhifadhi". Mfasiri hana budi kuyafungua: usajili wa kikoa uwe kifungu chake, na mwenye kikoa atajwe kuwa ni shule.

Hoja iliyoletwa dhidi ya kupangisha ina uzito kiasi. Kupanga pia ni kuweka vitu kwa utaratibu, na "upangaji" hutumika kwa mambo ya mipango. Yasemekana kwamba "upangaji wa tovuti" huenda ukafahamika kuwa ni kazi ya kusanifu kurasa zake. Ndiyo maana twachagua umbo la kusababisha: upangishaji, mpangishaji, kupangisha. Umbo hilo haliwezi kudhaniwa kuwa ni la mipango. Wengine walipendelea kukodisha, nalo si baya, ila katika masikio yetu kukodi ni kwa kitu kinachochukuliwa kwa muda mfupi, kama vile baiskeli, turubai au viti vya harusi.

Sasa tuje kwenye sifa mbili zinazoandamana na huduma hii katika kila tangazo: ya kuaminika, na ya bei nafuu.

Kuaminika ni sifa ya mtu mwadilifu. Mpangishaji aweza kuwa mwadilifu kabisa na seva yake ikawa mbovu. Kinachotafutwa na mteja ni huduma ya kutegemewa, yenye kipimo. Watoaji hutaja kipimo hicho kwa asilimia ya muda ambao tovuti hupatikana, na hapa mfasiri asiogope kufanya hesabu kwa niaba ya msomaji. Asilimia 99.9 yaonekana kama ukamilifu, kumbe ni ruhusa ya kuzimika kiasi cha saa 8 na dakika 45 kwa mwaka. Asilimia 99, ambayo machoni haipungui sana, ni zaidi ya siku tatu na nusu. Siku hizo zikiangukia wiki ya matokeo, wazazi watasema shule haina tovuti. Tena yafaa kuangalia ahadi inaposhindwa kutimizwa mteja hulipwa nini. Mara nyingi ni punguzo dogo katika ankara ijayo, wala si fidia ya hasara.

Kutegemewa huko hakuko katika jengo pekee, bali hata katika njia. Mwaka 1871, vita vya Mirambo vilipofunga njia ya kwenda Ujiji, mali iliyokuwa katika maghala ya Unyanyembe ilikuwapo, lakini haikufika, na Stanley alilazimika kuzunguka kwa njia ya kusini. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Seva zilizokuwa Ulaya hazikuwa na kosa lolote. Barabara ndiyo iliyokatika. Mzazi wa Urambo au Sikonge anayefungua tovuti iliyomo katika seva ya Dar es Salaam hahitaji kuvuka bahari. Upangishaji wa nje mara nyingi ni wa bei ndogo zaidi, nasi hatusemi kwamba kila shule iukatae. Twasema tu kwamba swali la mahali lisiachwe nje ya mkataba, hasa kwa vile Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaweka masharti juu ya kupeleka taarifa binafsi nje ya nchi. Majina ya wanafunzi pamoja na alama zao ni taarifa binafsi. Kwa taasisi za serikali yenyewe zipo taratibu za Mamlaka ya Serikali Mtandao, na afisa azisome hizo kwanza kabla ya tangazo lolote la mtaani.

Kuhusu bei nafuu tuna maneno machache. Nafuu ni kupungukiwa na taabu. Mgonjwa hupata nafuu. Katika mkataba tuliouona, mwaka wa kwanza ulikuwa nusu ya bei, na kifungu cha mwisho, kwa herufi ndogo, kilirudisha bei kamili katika mwaka wa pili, kikaongeza ada ya kuhamisha mafaili kwa mteja atakayeondoka. Mfanyabiashara wa Bagamoyo hakuhesabu bei ya nguo pale pwani peke yake. Alihesabu pia hongo ya Ugogo, posho ya wapagazi na ujira wa kirangozi, ndipo akajua nguo hiyo imemgharimu nini itakapofika Tabora. (Hongo wakati huo ilikuwa ushuru uliotozwa hadharani na watawala wa nchi zilizopitiwa. Leo neno limekuwa jina la rushwa, na mfasiri wa maandishi ya kale asipoangalia atawafanya watemi wote wa njiani kuwa wala rushwa.) Basi katika mikataba yetu twataka paandikwe bei ya mwaka wa kwanza, bei ya miaka inayofuata, na gharama ya kuhama, zote katika ukurasa mmoja.

Neno moja zaidi katika karatasi zile lilitukera. Ukurasa wa kwanza uliahidi nafasi "bila kikomo". Ukurasa wa tatu ukasema kwamba huduma iko chini ya sharti la "matumizi ya haki". Mwalimu mkuu alidhani sharti hilo linamkataza kuweka uchochezi au matusi. Kumbe lilikuwa na maana kwamba akizidisha idadi fulani ya mafaili, atazimwa. Hayo ni matumizi ya kiasi, na kikomo chenye jina la haki ni kikomo vilevile. Chenye kikomo kisiitwe kisicho na kikomo, idadi itajwe.

Tulikaa na mwalimu mkuu jioni moja tukauandika upya mkataba wake kwa kurasa mbili. Kichwa chake sasa ni "Mkataba wa Upangishaji wa Tovuti". Mpangishaji ametajwa, mpangaji ametajwa, pango na notisi vimetajwa, na kifungu cha nakala rudufu kinasema zichukuliwe kila juma, ziwekwe katika jengo tofauti, na moja ikabidhiwe shuleni kila mwisho wa muhula. Hiyo ya shuleni itawekwa katika kabati la chuma la ofisi yake. Kampuni mbili zilipopelekewa rasimu, moja haikujibu. Ya pili iliuliza kama yaweza kuongeza bei kidogo kwa sababu ya kifungu cha nakala, naye akakubali, akisema kwamba safari hii angalau anajua analipia nini.

Jambo moja hatukuafikiana, nalo twaliweka mbele ya wasomaji. Ule muda ambao tovuti hupatikana, wenzetu wa redio wangependa uitwe "muda wa kuwa hewani". Wengine wanasema "upatikanaji" yatosha, ingawa neno hilo linatumika pia kwa sukari na mbolea. Wenye rai watuandikie kabla ya toleo lijalo.